Siku Baba Alipocheza Konka

Baba alikuja kututembelea Northampton, Uingereza, mwishoni mwa Septemba 2011, mvua za baridi zikianza. Mtu aliyezoea kumalizia alasiri zake barazani Tanga, bao mbele yake na wazee wenzake wamemzunguka, sasa alishinda sebuleni akitazama dirishani. Nilikuwa narudi kazini namkuta palepale. Nikimuuliza hali, anajibu, "Alhamdulillahi, sina neno." Mimi binti yake nilijua analo.

Aliyemtoa ndani ni mwanangu, wakati huo ana miaka saba. Jumamosi moja ya Oktoba alimshika mkono, "Babu, twende tukaokote konka," na mzee akavaa koti langu refu na kofia yake ya kiua, tukatoka.

Konka ni mbegu za mti mkubwa sana ambao Waingereza wameupanda kwenye bustani na kando ya barabara zao. Asili yake ni milima ya Balkani, lakini umekaa Uingereza miaka mia nne na zaidi, na mtoto wa hapa hawezi kukumbuka vuli bila huo mti. Ule wa kwetu majani yake yalikuwa yameshaungua rangi kabla ya wakati. Kuna nondo mdogo aliyeingia nchini mwaka 2002, viwavi wake hula jani kwa ndani. Hata hivyo ulikuwa umezaa. Chini kulitapakaa maganda ya kijani yenye miiba michache minene. Ukilikanyaga ganda kwa kisigino linapasuka, ndani jeupe na lenye unyevu, na katikati imelala mbegu ya kahawia inayong'aa kama mninga uliotoka kupigwa vanishi. Mng'ao huo haudumu. Siku chache tu unafifia, ndiyo maana watoto huzikimbilia zikiwa mbichi.

Baba aliinama akaokota moja, akaiviringisha kwa kidole gumba kiganjani, vile anavyofanya kete kabla ya kuipanda shimoni.

"Hii ndugu yake komwe," akasema. "Na komwe nayo ganda lake lina miiba. Ila komwe ngumu zaidi. Inaliwa?"

Nikamwambia hailiwi, ina sumu. Zile zinazochomwa na kuuzwa barabarani wakati wa baridi ni za mti mwingine kabisa.

Tuliporudi na mfuko umejaa, jirani yetu, mzee wa Kiingereza aliyekuwa akiishi peke yake, alituona akatuita bustanini kwake. Akaleta ndoo ya maji akazimwaga zote. Zilizoelea akazitupa, kwa sababu ndani zina uwazi au zimeoza. Zilizozama ndizo za kupigania. Akazitoboa katikati kwa msumari, taratibu, maana ukilazimisha inapata ufa ambao hutauona mpaka ikusaliti. Kisha akapitisha kamba ya kiatu na kufunga fundo chini.

Mchezo wenyewe ni huu: mmoja anaining'iniza konka yake, mkono umetulia, na mwenzake anaipiga kwa yake. Mapigo matatu, halafu mnabadilishana, mpaka moja ipasuke. Konka iliyoshinda hurithi ushindi wa iliyovunjika. Yako ikiwa imevunja tano na ikavunja iliyokwisha vunja tatu, sasa ni ya tisa: tano zako, tatu zake, na hiyo moja. Wako wanaozioka au kuziloweka kwenye siki zikauke ngumu. Kwenye mashindano ya dunia, yanayofanyika katika jimbo letu hilohilo la Northamptonshire tangu 1965, mchezaji hupewa konka na kamba palepale uwanjani, haruhusiwi kuja na yake. Shule nyingine zimeupiga marufuku mchezo huu kwa kuhofia macho ya watoto. Mimi sikubaliani nazo. Mtoto afundishwe kusimama mbali na kulenga, basi.

Baba alitazama michezo kadhaa kimya. Halafu akachagua konka ndogo, ya mviringo, akaigonga kwa ukucha karibu na sikio. Alipiga kutoka juu, kamba imenyooka, bila pupa. Konka ya jirani ikapasuka vipande viwili vikaangukia kwenye majani.

"Huna mtaji, mzee mwenzangu!" Baba akapaza sauti, kwa Kiswahili, kama anavyomwambia mwenzake wa bao aliyekosa cha kula, ile sauti ya barazani ambayo sikuwa nimeisikia tangu atue uwanja wa ndege. Mwanangu aliruka akimshangilia babu yake.

Wakati wa chai jirani alitusimulia kwamba mwaka 1917 baba yake, akiwa mwanafunzi, aliokota konka kwa magunia. Serikali iliwaomba watoto wa shule wazikusanye, zikapelekwa kiwanda cha King's Lynn kutengenezewa asetoni, kemikali ya kutengenezea baruti ya mizinga. Watoto hawakuambiwa ni za nini. Nilipomtafsiria, Baba alikiweka kikombe chini.

"Watoto walidhani wanacheza," akasema, na hakuongeza.

Kisha akauliza kama anaweza kutumia tuta la bustani ambalo nyanya zake zilikwisha ng'olewa. Akaomba kijiko. Akachimba mashimo ya bao, safu nne za nane nane, na ile nyumba, shimo kuu la kila upande, akaipa pembe kama inavyotakiwa. Mwanangu akachagua konka ndogo sitini na nne. Magharibi ilipoingia wazee wawili walikuwa bado kwenye namua, hatua ya kwanza ya bao, mimi mkalimani, na jirani ameshashika kwamba huli mpaka shimo la adui lililokabiliana na lako liwe na kitu.