Nilivyosoma makaratasi ya daktari wa vifua, nami si daktari

Kazi yangu ni ukalimani wa hospitali hapa St. Louis, Marekani. Mgonjwa anasema Kiswahili, daktari anasema Kiingereza, mimi nimekaa katikati. Wengi ninaowahudumia wametoka Kongo na Burundi. Wazee wa jumuiya yetu waliponiomba nizungumze na vijana kuhusu sigara, nilijua kwamba nikisema tu "sigara inaua" watatoa simu zao mfukoni. Nilitaka niwape mtu mwenye jina.

Nikampata Evarts Graham, mkuu wa upasuaji katika Hospitali ya Barnes ya mji huuhuu tangu 1919 hadi 1951. Makaratasi yake ya kazi yanatunzwa katika Maktaba ya Tiba ya Bernard Becker, Chuo Kikuu cha Washington, ambacho kiko hapahapa St. Louis.

Nilianza kwa barua pepe, nikaeleza ninachotafuta na kwa nini. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanaandika "naomba kila kitu kuhusu fulani", na mtunza nyaraka hana pa kushika. Ukitaja miaka na majina, anakuonesha sehemu ya kuanzia kwenye orodha ya mkusanyo. Ukubali pia kwamba majalada yenye habari za wagonjwa yana masharti yake. Mimi kama mkalimani nimeapa kutunza siri za watu, kwa hiyo sikubishana.

Kabla ya kugusa jalada lolote nilijitengenezea karatasi moja ya miaka. Barua za ofisi hazijielezi. Wanaoandikiana wanajuana, wanasema "lile jambo letu la wiki iliyopita" wakaishia hapo. Usipojua mwaka ule kulikuwa na nini, unasoma maneno matupu.

Mwaka 1918 ulikuwa wa kwanza kwenye karatasi yangu. Askari katika kambi za Marekani walikuwa wakipata nimonia, kisha usaha unajaa kifuani. Madaktari walikuwa wanafungua kifua mapema kuutoa, na vijana wanakufa kwa wingi. Graham, akiwa kwenye tume ya jeshi iliyochunguza jambo hilo, alieleza kisa: kifua kikifunguliwa mapema, hewa inaingia kutoka nje, pafu linasinyaa, na mgonjwa ambaye tayari anahema kwa shida anakosa pumzi kabisa. Vuta usaha kwa sindano kwanza, ngoja uwe mzito na pafu lishikamane na ukuta wa kifua, ndipo ufungue. Vifo vilipungua sana.

1924 niliupita haraka. Ni mwaka ambao yeye na Warren Cole walitangaza njia ya kuonesha kifuko cha nyongo kwenye eksirei. Jambo kubwa, ila halikuwa langu.

Tarehe 5 Aprili 1933 ndiyo iliyompa sifa duniani. Mgonjwa alikuwa daktari wa uzazi kutoka Pittsburgh, James Gilmore, mwenye saratani kwenye pafu la kushoto. Mpango ulikuwa kuondoa sehemu tu ya pafu. Kifua kilipofunguliwa ikaonekana haitoshi, Graham akalitoa pafu lote kwa mkupuo mmoja, akaondoa na mbavu kadhaa ili ukuta wa kifua ushuke na kuziba uwazi uliobaki. Gilmore akapona, akarudi kazini.

Lakini kwangu mimi Graham mkubwa zaidi ni yule wa 1950. Alikuwa mvutaji hasa, na hakuamini kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu. Hoja yake ilikuwa kwamba mauzo ya soksi za wanawake nayo yalikuwa yamepanda miaka hiyohiyo; yaani vitu viwili kupanda pamoja si ushahidi kwamba kimoja kinaleta kingine. Mwanafunzi wa udaktari, Ernst Wynder, alipotaka kuwahoji wagonjwa, mzee angeweza kumfukuza. Hakumfukuza. Wakakusanya wagonjwa 684, wakachapisha matokeo Mei 1950, na jina la Graham likiwa pale chini ya jambo alilokuwa akilikataa. Mwaka 1953 wakaonesha pia kwamba lami ya moshi wa sigara ikipakwa kwenye ngozi ya panya inazaa saratani.

Wakati wa kusoma nilishika utaratibu mmoja: barua inayoingia na jibu lake, pamoja. Majibu ni nakala za kaboni, karatasi laini mno unaona kivuli cha kidole chako kwa nyuma. Chini kushoto kuna herufi za mwanzo za majina ya aliyeitamka barua, na herufi ndogo za karani aliyeipiga chapa. Nilizipenda hizo herufi ndogo. Nami naishi kwa kusema maneno ya wengine.

Siku ya mazungumzo ukumbi ulijaa. Nilipofika kwamba Graham aliacha sigara mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kwamba mwanzoni mwa 1957 saratani ilikutwa kwenye mapafu yake yote mawili, mzee mmoja akanikatiza.

"Mwanangu, si umesema aliacha?"

"Aliacha, baba. Lakini alikuwa amevuta miaka kama hamsini. Alimwandikia hivyo mwenyewe rafiki yake Ochsner, daktari wa New Orleans, kwamba ugonjwa umemjia kama mwizi usiku."

Alifariki Machi 1957. Gilmore, mwenye pafu moja, aliishi hadi 1963. Ukumbi uliguna.

Vijana walitaka kujua habari ya shisha. Niliwajibu kwamba Graham hakuipima hiyo, ila tumbaku ni tumbaku, na juu yake wanaongeza makaa. Kijana aliyeuliza hakuridhika, akasema ule moshi unapita kwenye maji. Tulibishana hadi mwenye ukumbi akaja na funguo.