Geji ya Mombasa, Injini ya Nakuru

Nilipofunga geji ya mgandamizo, ile inayopima jinsi silinda inavyobana hewa, kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza ya Peugeot 504 aliyoiacha marehemu baba, mshale ulipanda kwa hatua nne ukasimama kwenye 118, kwa paundi kwa inchi ya mraba. Silinda ya pili ilitoa 120, ya tatu 117, na ya nne 92. Makanika mmoja aliyekuwa amepita kunisalimu, mtu mzima aliyejifunzia kazi Mombasa na ambaye uzoefu wake siubishi, alizitazama nambari hizo nilizoziandika kwa chaki sakafuni, akatikisa kichwa. "Mwanangu, injini hii imekwisha," alisema. "Ikiwa nzima husoma kama 150." Akanishauri nitafute pistoni na slivu mpya, yaani mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, nisijisumbue na vipimo vingine.

Karibu nimsikilize. Gari lilikuwa limelala miaka tisa chini ya mjakaranda, na ingawa nilikuwa nimeiamsha injini kwa kuzilowesha silinda oili kwa muda wa wiki nzima kabla ya kugusa stata, ilikuwa ikiwaka kwa kukohoa. Lakini pistoni na slivu za gari la umri huu si kitu cha kununua kwa kukisia, kwa hiyo nilikaa na chaki yangu nikapiga hesabu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Silinda haina uwezo wa kukamua hewa ambayo haikupewa. Ikiwa injini nzima husoma 150 Mombasa, injini hiyo hiyo ikipandishwa hadi hapa itasoma 120, bila hata ringi moja, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, kuchakaa. Silinda zangu tatu, kwa hiyo, hazikuwa na kosa lolote. Mgonjwa alikuwa mmoja tu, ile ya nne.

Niseme pia jinsi nilivyopima, kwa sababu nimeona watu wakihukumu injini kwa kipimo kilichofanywa vibaya. Injini iwe na moto wa kawaida, plagi zote nne zitolewe na si ile moja unayoipima, waya wa koili ukatwe mawasiliano, betri iwe imejaa, na mtu akanyage mafuta hadi mwisho muda wote stata inapozunguka. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Kipepeo cha kabureta kikibaki kimefungwa, hewa haiingii ya kutosha na hata injini mpya itaonekana mzee.

Kisha nikamimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda ya nne nikapima tena. Oili huziba nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda, hivyo kama ringi ndizo zinazovujisha, mshale hupanda sana. Wangu ulipanda kutoka 92 hadi 95 tu. Niliazima kompresa ya jirani anayeziba pancha, nikaizungusha injini hadi pistoni ya nne ikafika juu valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, nikaingiza upepo kupitia tundu la plagi na kutega sikio. Kwenye mdomo wa oili palikuwa kimya, kwenye radieta hapakuwa na povu, kwenye kabureta kimya. Nyuma, kwenye ekzosi, palisikika mluzi mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka. Valvu ya kutolea moshi haikai sawasawa kwenye kiti chake, na hakuna pistoni mpya ambayo ingetibu hilo.

Magari ya aina hii yalishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, lile la pili likiwa kupe (coupé, gari la milango miwili) ya injini ya V6 ambayo si jamaa wa karibu wa hii yangu, na kila mzee wa hapa ana hadithi yake ya kuliona likipita. Nazipenda hadithi hizo, ila hazikazi valvu.

Kufungua silinda hedi ya 504, kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, kuna hatari moja ambayo lazima niitaje. Slivu zake huzungukwa na maji moja kwa moja, nazo hubanwa mahali pake na hedi yenyewe. Ukishaitoa hedi kisha ukaizungusha injini, pistoni inaweza kuinyanyua slivu, muhuri wa chini ukaachia, na maji yakaanza kushuka kwenye oili. Hapo utakuwa umejitengenezea kazi kubwa kuliko uliyoianza. Mimi nilizibana slivu kwa bolti na washa pana kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Valvu yenyewe haikuwa imeungua. Ilikuwa na vidoa vya kutu na ukoko mweusi wa kaboni upande mmoja wa ukingo, na shina lake halikucheza ndani ya gaidi yake, yaani bomba linaloliongoza. Nilipaka ukingo dawa ya kusagia, nikabandika kijiti chenye kikombe cha mpira, nikaanza kupekecha kati ya viganja kama watu wa zamani walivyopekecha moto, nikiinyanyua valvu kila baada ya mizunguko michache na kuigeuza kidogo ili dawa isichimbe mahali pamoja. Mwanzoni sauti ni ya mchanga unaosagwa. Dawa ikimaliza kazi, sauti hulainika na mkono huhisi utelezi. Nilipofuta, palikuwa na mkanda wa kijivu uliofifia, lakini sehemu moja ulikuwa umekatika. Niliifunga valvu na springi yake, nikalaza hedi na kujaza mafuta ya taa kwenye njia ya moshi: baada ya dakika tatu unyevu ukajitokeza pale pale. Nikarudia kazi. Mara ya tatu mafuta ya taa yalilala usiku kucha na asubuhi kiti kilikuwa kikavu.

Vifaa vingine havikunichosha hivyo. Pampu ya petroli ilihitaji kiwambo kipya tu, maana cha zamani kilikuwa kimepasuka na kudondosha petroli kwenye oili, jambo ambalo harufu ya kijiti cha kupimia oili ilikuwa imeshanieleza. Themostati, valvu inayoyafungulia maji ya injini njia ya radieta yakishapata moto, niliichemsha kwenye sufuria kuukuu pamoja na kipimajoto. Imechongwa nyuzi 82 na ilianza kufunguka ilipostahili. Anayepima ya nyuzi 88 hapa Nakuru asishangae isipofunguka yote, kwa kuwa maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na hayapandi zaidi ya hapo.

Baada ya kufunga kila kitu, silinda ya nne ilisoma 117. Makanika wangu wa Mombasa alirudi na geji yake mwenyewe, akapata 116, akakaa kimya kidogo, kisha akaniomba chaki.

Gari bado halijatoka langoni. Silinda kuu ya breki niliifungua nikitarajia kubadilisha mipira tu, lakini nilipopitisha ukucha ndani ulikwama kwenye mashimo mawili ya kutu, kwenye njia hasa ya mpira. Mara ya kwanza niliwahi kujidanganya kwamba msasa laini ungetosha, na pedali ikazama taratibu hadi sakafuni nikiwa bado uani. Ganda hilo nimelitupa. Nasubiri jingine.