Kamba mbili za viatu zilivyonielewesha jeni ya MYC

"Sista, ni chakula gani nilichompa?" mama mmoja aliniuliza wodini. Mtoto wake wa miaka sita alikuwa na limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu, taya limevimba. Kitambaa alichofungwa Jumatatu, Alhamisi hakikuzunguka tena. Dawa zake nilizijua, vipimo vyake nilivijua, ila mama yule sikuwa na la kumjibu.

Usiku tatu mfululizo nilisoma baada ya zamu. Nilikwama kabisa kwenye habari ya jeni kunakiliwa, yaani maagizo yake kuandikwa nakala ili seli iyatumie, mpaka nilipochomoa kamba za viatu, moja nyeupe, moja nyeusi. Nyeupe ikawa kromosomu ya 8, mojawapo ya nyuzi za DNA zinazobeba jeni, inakokaa MYC, jeni inayoihimiza seli kukua na kugawanyika. Nyeusi ikawa ya 14, yenye jeni ya kingamwili. Nikazikata, nikabadilishana ncha, nikafunga fundo. Hapo ndipo nilipoona! Seli B, zile seli nyeupe za damu saratani hii inapoanzia, kazi yake ni kingamwili, hivyo swichi ya jeni ile haizimwi. MYC ikihamia jirani, inawashwa nayo.

Kwenye seli yenye afya, MYC huamshwa wakati wa kugawanyika, na nusu ya protini yake huvunjwa ndani ya nusu saa hivi. Ikibaki imewaka, protini hiyo hushikana na mwenzake, protini iitwayo MAX, wakang'ang'ania DNA penye herufi CACGTG. Huita vimeng'enya vya kulegeza DNA iliyokazwa, na mashine za kunakili zilizosimama mlangoni mwa jeni huruhusiwa kuendelea. Jeni nyingi hunakiliwa kupita kiasi: za kujenga ribosomu (viwanda vya protini vya seli), za kutumia sukari, za kugawanyika. Seli hizi huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Nikakikumbuka kile kitambaa.

(Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Kampala, aliandika kuhusu watoto hawa 1958. MYC ilikutwa kwenye fundo hilo 1982.)

Nilimpelekea mama zile kamba. Alilivuta fundo, halikufunguka.

"Hili limefungwa na nani?"

"Hakuna aliyelifunga, mama. Limetokea ndani ya seli moja ya mwili wake. Si chakula chako, wala si urithi wako."

Akauliza malaria. Sikumficha: malaria ya mara kwa mara na virusi vya Epstein-Barr huchangia. Nikamwambia pia kwamba dawa hushambulia seli zinazogawanyika haraka, ndiyo maana uvimbe huu husikia dawa.

Akazifunga kamba kwenye pindo la khanga, akashuka getini kumsubiri mumewe.