Siku moja maishani mwangu: naujenga mji wa Zamarani nikiwa Lamu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nikishaswali sirudi kitandani. Huu ndio wakati Zamarani unanijia kwa urahisi, kabla simu haijaanza kulia na kabla punda wa mchanga hawajaanza kupita chini ya dirisha. Usiutafute kwenye ramani, ni mji ninaoutunga kwa ajili ya hadithi ya picha. Mimi naandika, mwenzangu aliyeko Mombasa anachora.

Zamarani ni mji wa bandari, wa nyumba za mawe, na una ajabu moja inayotawala mambo yote. Ukuta ukipigwa lipu ya chokaa, fundi husema nao ungali mbichi, na maneno yake hubaki humo. Bibi harusi akiletwa kwa mumewe huweka sikio ukutani, akasikia salamu za watu waliokwisha kuzikwa zamani. Mirathi, mipaka ya viwanja, madeni, vyote vinathibitishwa na kuta. Halafu ng'ambo ya mkondo kimejengwa kiwanda cha saruji. Saruji hukauka upesi na ni imara, ila haishiki sauti.

Leo niko kwenye sura ya tano. Wazee wanakutana kuamua kama kiwanda kiruhusiwe kuongeza tanuri la pili. Nimeiandika na kuifuta, inanikataa. Wazee wangu wanahutubia tu, kila mmoja anasifu mila kwa maneno mazuri, na hakuna anayesema jambo la kuumiza. Nimeandika ukurasa mmoja asubuhi hii, nikaufunga.

Saa mbili asubuhi

Nimeamua kwenda Mkomani, mtaa wa hapa mjini Lamu, kwenye nyumba inayokarabatiwa. Nikikwama huwa natafuta mtu anayefanya kazi kwa mikono, maana hadithi ya namna hii ikiandikwa kwa kumbukumbu za nyumba nzuri peke yake inakuwa picha ya kalenda.

Fundi ni mtu mzima, namwita ami. Nimemkuta anabandua lipu ya saruji ambayo mwenye nyumba wa awali aliipaka juu ya ukuta wa zamani. Inatoka vipande vipande, na nyuma yake jiwe la matumbawe limelowa kabisa, limeota chumvi nyeupe, ukiligusa linamomonyoka.

"Tazama," akaniambia. "Jiwe hili linavuta maji kutoka chini. Chokaa huyaachia yatoke. Saruji imeyafungia ndani, basi ukuta umeoza huku nje unaonekana mpya."

Akachota chokaa kwa mwiko, akairusha ukutani kwa kiganja kilichogeuzwa kidogo, kisha akaisawazisha kwa mviringo bila haraka. Chokaa yenyewe ilizimwa kwa maji siku nyingi zilizopita na kuachwa ilale ndani ya maji. Ukiiharakisha inapasuka, alisema. Nilitazama vidole vyake: ngozi imekauka na kupauka, kucha zimeliwa pembeni. Chokaa inachoma. Hilo sijawahi kuliweka kwenye hadithi, kwamba mkono unaotunza mji unaungua kila siku.

Juu yetu boriti za mikoko zimepangwa zikibeba dari. Ndizo zilizoamua umbo la nyumba hizi zote. Boriti nzuri haifiki mbali, kwa hiyo chumba kinakuwa chembamba, chini kidogo ya mita tatu, na kinarefuka upande mmoja tu. Wageni husifu vyumba vyetu virefu vyenye kivuli wakidhani ni uchaguzi wa urembo. Ni mti ulioamua. Zamarani pia nimeufanya hivyo, na kiwanda kinapoleta nondo na zege, watu wanaona kwa mara ya kwanza chumba cha mraba. Nataka msomaji ahisi furaha yao. Chumba kipana ni kitu kizuri, nani asingekitaka?

Nikamuuliza ami kama kuna kijana anayejifunza kwake.

"Mwanangu yuko bandarini, mwanangu. Kila mwezi mshahara unaingia. Nimwite arudi ashike mwiko? Kazi ya chokaa yeo ipo, kesho haipo."

Alisema hivyo bila uchungu, akaendelea kurusha. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na ninajivunia hilo kwa moyo wote. Lakini kinachoufanya ubaki mji ule ule ni mikono ya watu wachache kama huyu, na mikono hiyo haiwezi kulaumiwa kwa kutaka watoto wao wale vizuri.

Saa tano asubuhi

Nimerudi mezani. Nimebadilisha jambo moja kubwa: anayekwenda kufanya kazi kiwandani sasa ni binti wa fundi chokaa mwenyewe. Zamani nilimpa nafasi hiyo mgeni mlafi aliyetoka nje ya mji. Nimemwondoa.

Na hapa kemia imenisaidia. Chokaa na saruji zinatoka kwenye jiwe moja. Choma mawe ya chokaa kwenye nyuzi 900 hivi, uyazime kwa maji, unapata chokaa. Yachanganye na udongo wa mfinyanzi, uyachome mpaka karibu nyuzi 1,450, uyasage na jasi kidogo, unapata saruji. Kule Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, saruji imetengenezwa tangu 1954 kwa mawe ya matumbawe ya kale, ndugu wa haya tuliyojengea nyumba zetu. Kwa hiyo binti yule haendi kwa adui. Anaenda kwenye jiwe lile lile la babake, kwenye moto mkali zaidi. Analijua kuliko wahandisi wote waliomo mle. Akipasua pande moja kabla halijaingia tanurini anasikia kitu ndani, na msimamizi anamwambia aharakishe.

Nimeandika kurasa nne bila kuinua kichwa.

Saa saba mchana

Sala, wali wa nazi, samaki wa kupaka, nusu saa ya kulala. Joto la saa hizi haliandikiki.

Saa kumi na nusu alasiri

Barazani karibu na bahari mazungumzo hayakawii kufika bandarini. Mradi wa LAPSSET, wa bandari mpya ya Lamu na njia za kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa 2012, gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021, na kila mtu ana la kusema. Mmoja amepata ajira, mwingine ni mvuvi aliyepoteza maji yake ya kuvulia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na mpaka leo hukumu hiyo ikitajwa sauti zinapanda.

Kisha wakaingia kwenye makaa ya mawe. Kilikuwa kimepangwa kiwanda cha umeme wa makaa cha megawati 1,050 pale Kwasasi, hapa hapa Lamu. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake, na sababu kubwa mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mzee mmoja akasema, "Sisi hatukushinda kwa kuchukia moshi. Tulishinda kwa kuuliza: mlituuliza lini?"

Nilitoa daftari pale pale. Hadithi nyingi za miji ya kubuni huleta mabadiliko kwa vita: majeshi, moto, mfalme mwovu. Mimi nimeishi kwenye mji ambako yaliletwa kwa mkutano wa hadhara, viti vya plastiki, kipaza sauti na makaratasi mazito yaliyoandikwa kwa namna ambayo mvuvi hawezi kuyasoma akayaelewa. Huko ndiko sura yangu ya tano inakotakiwa kwenda. Wazee wa Zamarani hawatahutubia tena. Watapewa karatasi. Karatasi ina ahadi za kweli, ajira za kweli, na haitaji popote tanuri litapata wapi mawe yake. Muda wa kujibu ni mpaka magharibi.

Saa moja na nusu usiku

Nimempigia mchoraji. Tumebishana vizuri. Alikuwa ameweka bomba la moshi kaskazini ya mji kwa sababu ukurasa unapendeza hivyo. Nikamwambia upepo hautaruhusu. Huku kwetu kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi; kusi, upepo wa kutoka kusini, inaingia Aprili na kukaa miezi mingi. Tukiliweka bomba kusini-magharibi ya mji, na mkutano ukafanyika Januari, wazee watasimama darini wauone moshi ukienda zake mbali na nyumba. Watatia saini kwa macho yao wenyewe, wakiwa na akili timamu.

Kimya kidogo, kisha akasema, "Halafu kusi inaingia."

"Halafu kusi inaingia."

Akaanza kuchora tukiwa bado kwenye simu, nilisikia kalamu yake. Aliuliza kama nahodha mmoja wa jahazi angeweza kuwaonya, maana manahodha ndio wanaojua pepo. Nikasema lazima aonye. Ila karatasi ilitaja watu wa kuulizwa, na manahodha hawakuwemo.

Saa nne usiku

Nimemaliza rasimu. Binti anakaa nyuma ya chumba cha mkutano na sare ya kiwanda, vumbi la saruji kwenye nyusi. Babake yuko mbele. Anapoitwa kutia saini, anageuka kumtazama bintiye, kwa sababu mshahara wa binti ndio uliotengeneza paa la nyumba yao masika yaliyopita. Nimeacha atie saini. Nilitamani sana akatae, na nimekaa na sentensi ile muda mrefu, lakini nikimkatalia nitakuwa nimemdanganya yule ami wa Mkomani.

Kesho nakwenda Matondoni, kijiji cha kisiwani hapa, kwa mafundi wa majahazi. Nataka nijue nahodha angeyasemaje maneno ya onyo lile, na nani angemsikiliza.