Goti Lilikuwa Zima: Tulivyopata Jibu la Maumivu ya Mwanangu

Ushauri ulionichosha kuliko wote ni ule wa "mpeleke MRI, ndiyo kipimo kikubwa." Nimeusikia kwa ndugu, kwa wafanyakazi wenzangu, hata kwa watu ambao hawajawahi kumtia machoni huyo mgonjwa. MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, tulifanya, tena zaidi ya moja, na ndiyo iliyotaka kutuingiza kwenye upasuaji ambao mwanangu hakuuhitaji.

Kijana wangu ana miaka 17. Alikuwa akilalamika goti la kulia. Mchana anatembea, anachechemea kidogo tu. Usiku ndipo balaa linapoanza. Kwanza tukaambiwa ni maumivu ya kukua. Maumivu ya kukua huwashika watoto wadogo, kwa kawaida miguu yote miwili, na asubuhi wanaamka wakicheza. Huyu ni mkubwa, mguu ni mmoja, na mahali ni palepale kila usiku. Mwingine akasema kijana anakwepa mazoezi. Hilo mpaka leo linaniuma.

Eksirei ya goti ikatoka safi. MRI ya goti ikatoka safi. Fedha zikaondoka, na majibu yakabaki "hakuna tatizo linaloonekana."

Hapo nikanunua daftari, na hilo ndilo jambo ninalojivunia kuliko yote niliyofanya. Nilichora mistari: saa maumivu yalipoanza, dawa aliyomeza, saa aliyomeza, saa usingizi ulipomchukua. Sikuandika maelezo marefu, saa na dawa basi. Baada ya muda, jambo likaanza kujitokeza lenyewe kwenye kurasa. Akimeza parasetamoli, anaendelea kujigeuzageuza hadi alfajiri. Akimeza ibuprofeni, nusu saa haiishi amelala. Kila mara. Mchana akikaa au akitembea, tofauti ni ndogo. Usiku ukiingia, maumivu yanapanda kana kwamba yamepangiwa zamu.

Msaada mwingine ulitoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Alimlaza chali, akakunja nyonga, kisha akauzungusha mguu kwa ndani taratibu. Goti hakulishughulikia kabisa. Kijana akapiga yowe. Akachukua futi ya kupimia akazungusha paja la kulia na la kushoto, na la kulia lilikuwa limepungua nyama waziwazi. Akaniambia, "Mama, nyonga ikiugua, maumivu mara nyingi hujitokeza gotini, kwa sababu mishipa ya fahamu ni ileile." Kumbe picha zote tulizolipia zilikuwa za mahali pasipo na ugonjwa.

Tukapiga picha nyonga. Eksirei haikuonyesha kitu cha maana. MRI ndiyo ilituchanganya: uboho wa shingo ya mfupa wa paja umejaa majimaji, na ndani ya kiungo mna maji. Ripoti ikaandikwa kwamba huenda ni uambukizo wa mfupa au saratani, ikapendekeza kukata kipande cha mfupa kikapimwe. Vipimo vya damu havikuonyesha uambukizo wowote, lakini neno saratani likishaandikwa kwenye karatasi ya mtoto wako, mengine yote huyaoni tena.

Nikaomba kuonana na daktari wa radiolojia, yule anayezisoma picha zenyewe. Wengi hawajui kwamba inawezekana kuomba. Nilikwenda na picha zote kwenye CD, maana ripoti ni maoni ya mtu mmoja tu na mwingine anataka kuona mwenyewe. Nikamwekea na daftari mezani. Akalisoma ukurasa hadi ukurasa, akanyamaza, kisha akauliza, "Ibuprofeni inamtuliza kila mara?" Nikamjibu kila mara. Akachukua fomu mpya, akaandika CT (eksirei inayopiga mwili picha za vipande vipande) ya shingo ya mfupa wa paja peke yake, vipande vyembamba vya milimita 1.

Alinieleza vizuri. MRI ina jicho kali kwa maji na nyama laini, na palipojaa majimaji kitu kidogo huzama humo kisionekane. CT ndiyo inayoonyesha mfupa wenyewe, ila vipande vikiwa vinene mashine inaweza kukiruka. Na kwa kuwa CT hutumia mionzi, hakuna sababu ya kuupiga mguu mzima wakati pa kutafuta panajulikana.

Nilikaa kando yake akizipitisha picha kwenye skrini. Mfupa mweupe, mweupe, mweupe, halafu kiduara cheusi kisichofika sentimita 1, na katikati yake doa jeupe. Picha mbili tatu mbele, kimetoweka. Akarudi nyuma, akakizungushia kalamu: osteoidi osteoma.

Ni uvimbe mdogo wa mfupa usio saratani, ulioelezwa na daktari Henry Jaffe mwaka 1935. Kwa kawaida hauzidi sentimita 2, na wengi wanaoupata ni watoto na vijana, wavulana zaidi. Hutengeneza kwa wingi prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu, na aspirini na ibuprofeni huzuia hizohizo. Ndiyo maana daftari lilisomeka vile. Ukiwa kwenye mfupa mrefu, mfupa unaouzunguka hunenepa na eksirei huonyesha. Ukiwa ndani ya kiungo, kama wa mwanangu, unene huo huwa hafifu na kiungo hujaa maji, kwa hiyo hufanana na magonjwa mengine.

Tiba nayo ilifanyika kwa CT. Akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, sindano iliongozwa kwa picha hadi katikati ya kile kiduara, ikapashwa moto wa nyuzi 90 kwa dakika chache. Hakupasuliwa. Kidonda kilikuwa cha kuzibwa kwa plasta.

Sasa analala usiku kucha bila dawa, na paja linarudisha nyama. Tumeambiwa maumivu ya usiku yakirudi tusikae nayo, maana kwa wachache uvimbe hujirudia. Daftari silo nyumbani tena: yule daktari aliliomba alitumie kufundishia wanafunzi wake, nikampa.