Mche Uliopona

Juzi matatu ilikwama kwenye ile barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road. Binti yangu akasoma kibao chenye jina la Wangari Maathai, akauliza, "Mama, huyu ndiye alijenga barabara?" Konda akacheka. Nikamwambia la, huyu alijulikana kwa kuzuia watu wasijenge. Mwaka 1989 walitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma hapa Nairobi, akawakatalia.

Sikumwambia habari za kikundi chetu. Angechoka.

Profesa Maathai, yule mama wa kupanda miti, alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Mtaani gumzo likawa jeneza: mianzi, mafunjo na gugumaji, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Wanawake wa chama tukasema lazima tuanzishe kitu kwa jina lake, kitu cha kusaidia watu. Kitu gani hasa, hakuna aliyejua. Michango ilianza kuingia kabla ya wazo. Simu ya mweka hazina ililia kwa M-Pesa hadi katikati ya ibada.

Tukakutana ukumbi wa kanisa, mvua inapiga mabati. Katibu akasoma bajeti kwa kupaza sauti: fulana zenye picha yake, bango, hema, spika, chakula cha mgeni rasmi (ambaye tulikuwa hatujampata), halafu miche. Nyuma kabisa alikaa shosho mmoja, kiondo mapajani. Hata mwanachama hakuwa; alikuja na mkaza mwanawe, akazuiwa na mvua. Akainua mkono.

"Hiyo miche mtaihesabu lini?"

"Siku ya kupanda, shosho," mwenyekiti akajibu. "Tunataka ifike elfu moja."

"Siku ya kupanda kila mtu anajua kuhesabu."

Akaanza kueleza, pole pole, Kikuyu kikiingia na kutoka. Miaka ya themanini, huko Murang'a, alikuwa katika kikundi cha Green Belt, lile vuguvugu aliloanzisha Profesa mwaka 1977. Wanawake walipewa pesa kidogo kwa mche, ila uwe umepona. Uliokauka haukuwa na malipo, hata uwe umeupanda kwa maombi.

"Nilikuwa naamka usiku kufukuza mbuzi," akasema. "Msidhani nilipenda miti, wanangu. Nilitaka pesa ya sukari. Kupenda kulikuja baadaye, na hata sijui kama kulikuja."

Watu walicheka, kisha wakaacha. Kalamu ya katibu ilikuwa imesimama penye fulana. Dada mmoja akapinga: hisani gani ya kulipana? Mwingine akamuuliza kama yeye ataamka usiku bure. Tulibishana hadi mvua ikakatika, na shosho, aliyetuwashia moto wote huo, akajifunga leso akaondoka bila kungoja kura.

Fulana zikabaki za viongozi tu. Pesa iliyosalia ikawa ya walinzi wa miche. Kwenye usajili tuliulizwa barua ya familia kuruhusu jina lile. Hatukuwa nayo, wala hatukujua pa kuiombea, tukajiandikisha kwa jina la mtaa. Mgeni rasmi hakutokea. Mbuzi walitokea.

Kikundi kipo hadi leo, japo pesa nyingi hutokana na kukodisha viti na hema za matanga. Daftari la miti lina safu moja, ya iliyopona. Waliojiunga majuzi wanasema namba zile ni aibu kumwonyesha mfadhili. Na kweli yupo mmoja, ametuambia wazi anataka idadi ya iliyopandwa. Pesa yake ingetununulia tangi la maji, na tangi lingefanya mingi zaidi ipone. Kwa hiyo sasa tumegawanyika kuhusu kuongeza safu ya pili. Wanaopinga wananitegemea mimi, na wanaotaka tangi pia wananitegemea mimi.

Kura ni Jumapili.