Pasaka juu ya kilima cha Hutberg

Sisi tuliolelewa katika Kanisa la Moravian huko Rungwe tulianza kulisikia jina la Herrnhut, mji lilikozaliwa upya kanisa letu, tangu shule ya Jumapili, likitajwa kwa uzito unaokaribia ule wa Yerusalemu, hata nikakua nikiamini kwamba ni jiji lenye minara. Nilipofika mwaka 2006, kwa mwaliko wa ushirika wa huko, nilikuta mji mdogo uliozungukwa na mashamba, mashariki kabisa mwa Ujerumani, karibu na mipaka ya Poland na Cheki. Nilipokewa nyumbani kwa bibi mmoja mjane, mwalimu mstaafu, na ni kwake nilikoamshwa na sauti ya tarumbeta alfajiri ya Pasaka.

Wapigaji walikuwa wakizunguka mitaani gizani, wakisimama kwenye njia panda na kupiga beti za nyimbo za Pasaka, kama walivyofanya baba zao. Nilichungulia dirishani nikamwona jirani yetu, ambaye siku za kazi alikuwa fundi bomba, akitoa mfukoni mwa koti kile kipande cha kupulizia, alichokuwa amekihifadhi humo ili kisimgandishe midomo. Akakichomeka kwenye trombone yake, akakung'uta maji yaliyokuwa ndani ya mrija, kisha akaungana na wenzake kwa ubeti uliofuata.

Ibada ilianza ukumbini kungali giza. Ukumbi huo ni mweupe, kuta na mabenchi, na hauna madhabahu wala mimbari, ila meza ya kawaida anapokaa anayeongoza. Humo humo, alasiri ya siku iliyotangulia, tulikuwa tumekula karamu ya upendo, akina dada wakipita kati ya mabenchi na kugawa chai na mikate midogo mitamu huku watu wakiimba. Bibi alikuwa ameniambia njiani kwamba huu si ule ukumbi wa awali. Mwezi Mei 1945, siku zile zile vita vilipokuwa vikimalizika, sehemu ya katikati ya mji iliteketea, na ukumbi nao ukaungua. Yeye, akiwa mtoto, aliiona mbingu ikiwa nyekundu. Ulijengwa upya miaka ya 1950, chini ya serikali ya kikomunisti isiyokuwa na haja kubwa na makanisa. Hayo aliyasimulia kwa maneno machache, akifunga vifungo vya koti lake.

Mchungaji alitamka, "Bwana amefufuka!" nasi tukajibu, "Amefufuka kweli kweli!" kila mtu kwa lugha yake, kwa maana sikuweza kulisema jibu hilo kwa Kijerumani hata kama ningetaka. Baadaye tukatoka nyuma ya tarumbeta, tukapanda kilima cha Hutberg kwa njia yenye miti pande zote mbili, hadi kwenye makaburi. Ibada hiyo ya alfajiri ilianzishwa mahali hapo mwaka 1732 na kundi la vijana wa kiume ambao hawajaoa, miaka 10 baada ya wakimbizi wa dini kutoka Moravia, wakiwa na seremala Christian David, kukata mti wa kwanza katika ardhi ya Bwana Zinzendorf, kabaila wa Kijerumani aliyewapa hifadhi. Mwaka huo huo wa 1732 ndipo walipowatuma wamishonari wao wa kwanza, na safari hizo, baada ya vizazi kadhaa, zikafika kwetu Rungwe mwaka 1891.

Nilichokitazama zaidi pale juu ni mawe. Yote yamelazwa chini na yanalingana kwa ukubwa, awe marehemu alikuwa mfua chuma au askofu. Ni Zinzendorf na watu wa nyumba yake tu waliowekewa mawe yaliyoinuka, katikati, na nakiri kwamba jambo hilo lilinikwaza kidogo. Wanaume wamezikwa upande wao na wanawake upande wao, kwa mfuatano wa kufariki. Kwenye mawe ya zamani nilisoma mahali walikozaliwa watu hao: Surinam, Greenland, Labrador, watoto wa wamishonari waliorudishwa kusoma wasione tena walikozaliwa. Kwetu mtu huzikwa uani kwake, karibu na migomba, na mwenye uwezo hujengewa kaburi la vigae. Mpaka leo sijui kama tungekubali utaratibu wa Herrnhut, lakini naona una adabu ambayo mazishi yetu ya gharama yameanza kuipoteza.

Jua lilipochomoza, liturjia ilikuwa imefika pale tunapowakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita. Mume wa bibi alikuwa mmoja wao. Bibi alinionyesha jiwe lake kwa kidole, kisha akaonyesha upande wa pili, ng'ambo ya njia, ambako yeye mwenyewe atalala kati ya akina dada. Nilimuuliza kama haimsumbui kutozikwa pamoja na mumewe. Alisema waliishi pamoja miaka ya kutosha.

Tulipokuwa tukinywa kahawa nyumbani, alinisomea kurasa mbili tatu za maisha ya mumewe, alizoziandika mume mwenyewe na ambazo zilisomwa siku ya mazishi. Kila muumini wa huko hutarajiwa kuacha maandishi ya namna hiyo, na maelfu kwa maelfu yamehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka mjini hapo, tangu karne ya 18. Ya kwake bibi yalikuwa kwenye droo, yamefika mwaka aliostaafu. Akataka kujua kama nami nimeanza kuandika yangu. Nilimweleza kwamba kwetu historia ya marehemu huandikwa na ndugu, mara nyingi usiku wa kuamkia mazishi, na yule mwenye mwandiko mzuri.

"Sasa hao ndugu," aliuliza, akinimiminia kahawa nyingine, "watayajuaje hayo mambo?"